Nukta ni ya Msikilizaji

Miaka ile ya tisini, mwalimu wa binti yetu mdogo alitushauri tuzungumze Kiingereza tupu nyumbani, mtoto asije akachanganyikiwa. Mume wangu alikubali papo hapo. "Mwalimu ndiye ajuaye, sisi nani tubishane?"

Basi katika nyumba yetu ya kupanga pale Sharpstown, huko ughaibuni, Kiswahili kikapigwa marufuku. Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha kuwalisha na kuwaogesha wazee kazini. Nikiwaambia watoto waamke, wale, waoge, maneno yameniishia. Mdogo, miaka sita, akaninyamazia kabisa. Nikimuuliza jambo ananitazama tu, kisha anaondoka zake. Miezi ikapita hivyo. Iliniuma, iliniuma kwelikweli.

Kumbe anaongea, ila na kaka yake tu, kwa lugha waliyoitunga wenyewe. Nawasikia chumbani wakibwabwaja, nikiingia, kimya. Nikambana kaka mtu siku namnyoa nywele, maana hapo hana pa kukimbilia.

"Si English, si Kiswahili," akajitetea. "So hatuja-break rule ya Baba."

Nikacheka kwa hasira, nikamwambia anifundishe. Kitendo hutangulia, mtendaji hufuata. Zumi ni kutaka, bo ni mimi, ti ni wewe. Kila cha kuliwa au kunywewa hubandikwa pu mwishoni: chaipu, walipu. Mkato ni kupepesa macho, na swali ni kuinua kidevu. Lakini nukta haiwekwi na msemaji. Anaiweka anayesikiliza, kwa kugonga mara moja juu ya kitu chochote. Asipogonga, sentensi haijaisha, na msemaji lazima aendelee.

"Nani kaweka sheria hiyo?"

"Mdogo wangu. Anasema watu wakubwa wanasema okay kabla hajamaliza."

Nilizima mashine ya kunyolea, nikakaa kitandani. Ile "okay" ilikuwa yangu pia, ndilo neno la Kiingereza nililolitegemea kuliko yote.

Jumamosi nilikuwa jikoni nakaanga mahamri. Mdogo akaja kusimama mlangoni, kama kawaida yake, bila neno. Nikajitosa.

"Zumi ti mahamripu?" Nikainua kidevu.

Alicheka hadi akashikilia mlango. Kisha akajibu: "Zumi bo mahamripu," akapepesa macho, "zumi bo chaipu," akautazama mkono wangu uliokuwa juu ya meza.

Sikugonga.

Akaongeza walipu. Akaongeza ndizipu, akamaliza kabati zima, macho yakipepesa mkato juu ya mkato. Mkono wangu umetulia tuli. Lugha yenyewe ilikuwa bado changa, na vyakula vikamwishia. Nyuma yangu karai likaanza kufuka moshi. Nilijua. Nisingegeuka hata kama jiko lingeanguka.

"Mama," akasema, na hapo kikamtoka Kiswahili cha kwetu Mombasa, kizima, kwa sauti ya juu, "mahamri yaungua, nami nimechoka kusimama, na kaka amekula sukari yote, na kule shule hakuna anayenisikiliza, gonga basi, mamangu, gonga!"

Baba yake alikuwa sebuleni. Alisikia Kiswahili, akasikia na harufu ya kuungua. Akabaki kitini.

Nikagonga. Mtoto akavuta pumzi, akasogea karibu na meza, akaanza sentensi nyingine.