Nilimficha jirani yangu kifo cha kwenye gemu la Kijapani, kumbe naye alikuwa na lake

Wakuu, salaam zenu huko mliko.

Hili limenitokea mimi mwenyewe, hapa Kagarama, Kigali. Sijaongeza chumvi. Anayetaka kunicheka anicheke, nimeshazoea.

Wa jukwaa la gemu mnanijua. Mimi ndiye yule anayegombana na kila mtu kuhusu RPG za Kijapani, yale magemu ya hadithi ndefu. Watu wa localization, wale wanaotafsiri gemu, wakibadilisha mstari mmoja, nafungua uzi. Wakimfanya bibi wa kijijini aongee kama mchekeshaji, nafungua uzi. Msimamo wangu ulikuwa mmoja: tafsiri alichosema mtu, basi. Ukitaka kutunga, katunge ya kwako.

Sasa sikieni.

Mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Kahama. Nimekuja huku kwa ajili ya kazi, na Kinyarwanda changu ni cha kuombea maji. Ofisini tunaongea Kiingereza. Nikitoka naingia ndani, nafunga mlango, nawasha gemu. Kuna wikiendi zilipita sijafungua mdomo hata mara moja. Upweke ulinishika, sitaki kuficha.

Mtu pekee niliyezoeana naye ni jirani, Mama Saidi, fundi cherehani anayejua Kiswahili kidogo. Tulijuana kwenye umuganda, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambapo mtaa mzima unatoka kufanya usafi. Tukimaliza mitaro kunakuwa na mkutano, na mkutano wote ni Kinyarwanda.

Siku yangu ya kwanza mzee mmoja alisimama, akaongea huku ananiangalia. Watu wakageuka. Mama Saidi akanisogelea akaninong'oneza, "Wanasema karibu sana. Wamefurahi kukuona."

Wakuu, nilitembea na maneno hayo miezi. Nilikuwa nimeanza kufikiria kurudi Kahama. Sikurudi kwa sababu yake.

Basi nikaona nami nimlipe fadhila. Jumapili nikawa nabeba mashine yangu ya gemu naiunganisha kwenye TV yake, sebuleni palepale anaposhonea. Yeye anashona, mimi nacheza. Kila baada ya dakika mbili: "Sha, anasema nini huyo?" Sha ni kama "rafiki yangu" ya huku.

Sauti Kijapani, maandishi Kiingereza, mdomo wangu Kiswahili.

Hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo. Kiswahili kinalibeba gemu la Kijapani kuliko Kiingereza, na hili nitalitetea popote. Mjapani mdogo hamwiti mkubwa wake jina kavu. Kiingereza kinafuta heshima yote hiyo, kila mtu anakuwa rika moja. Mimi nilirudisha kaka, nikarudisha shangazi, wazee wakapewa shikamoo zao. Nilijiona bingwa kweli.

Turudi.

Kwenye gemu kuna mama mwenye nyumba ya wageni, mji wa baridi. Mwanawe alikwenda vitani. Kila jioni anampakulia chakula na kukiacha mezani. Mama Saidi alimpenda yule mama kuliko hata shujaa wetu.

Na mnaelewa kwa nini. Saidi wake alikwenda kutafuta maisha kusini huko, simu haipatikani mwaka wa nne sasa.

Jumapili moja tukarudi mji ule na habari. Kijana amekufa. Maandishi yako mbele yangu, hayana utata. Mama Saidi akauliza, "Wamemwambia nini?"

Nikasema, "Wamemwambia mwanawe mzima. Yuko mbali, atarudi."

Mimi! Mimi wa kufungua nyuzi!

Alifurahi, akakata uzi kwa meno. "Na Saidi atakuja," akasema. Ikawa kila Jumapili ananiuliza yule kijana kafika wapi, nami natunga. Leo kavuka mto, wiki ijayo yuko njiani. Nilikuwa naogopa kwenda kwake, na naogopa kukosa kwenda.

Mpaka tulipopita tena nyumba ile. Yule mama anaosha sahani ya mwanawe, anaifungia kabatini, anaongea peke yake taratibu. Cherehani ikanyamaza.

"Huyu mama iko na msiba," Mama Saidi akasema. "Kijapani sijui. Lakini hiyo sauti najua. Mtoto wake alikufa?"

Sikuwa na pa kujificha. "Ndiyo. Siku nyingi."

Alilia kidogo, akajifuta kwa kitambaa alichokuwa anashona. Nikajua atanifukuza. Badala yake akasema, "Na mimi nilikuficha. Siku ile ya umuganda, hawakusema karibu. Mzee aliuliza huyu nani anapita hapa hasalimii watu, anajiona nani. Nikaona uso yako, nikakuhurumia. Ihangane, sha. Pole."

Nilicheka wakuu, halafu nikazima gemu.

Nimelifikiria sana. Angeniambia kweli siku ile, ningerudi Kahama. Lakini pia ningejifunza kusalimia. Mwaka mzima nimepita mbele za watu wananisubiri niseme "mwaramutse", nami najua nimeshakaribishwa. Nami nilimfanya mama wa watu amsubiri marehemu pamoja nami. Huruma zote mbili hizo, na zote zilituacha gizani. Kwa hiyo msimamo wangu uko palepale, ila sasa nausema kwa sauti ya chini.

Mama Saidi amehamia Kabuga kwa dada yake. Mguu haumruhusu tena kukanyaga cherehani.

Umuganda uliopita niliwasalimia wote, mmoja mmoja. Mkutanoni mzee yuleyule akasimama, akasema kitu huku ananiangalia. Watu wakacheka. Nikageukia kushoto, pale alipokuwa akisimama Mama Saidi.

Hapakuwa na mtu. Nikacheka na mimi.

Tiririkeni wakuu. Nyie mnamtafsiria nani, na nani anawatafsiria nyie?