Pistoni ya Sufuria

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, dereva wa lori alisimama mbele ya karakana yangu bila kuzima injini, akaniambia kwamba mama mkwe wangu ameacha kula. Alikuwa ametoka upande wa Bafwasende na shehena ya mpunga. Mama mkwe aliishi kando ya barabara hiyo, kilomita mia moja na kumi kutoka Kisangani, na alikuwa ametuma neno moja tu: anataka kumwona binti yake.

Binti yake ni mke wangu. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imekakamaa tangu alipougua miaka mitatu kabla ya hapo. Mguu haukukunjika tena, na alitoka kitandani hadi uani kwa magongo mawili niliyomchongea. Mara moja tulijaribu lori. Tulimpandisha juu ya magunia, na kabla hatujafika mwisho wa mtaa alilia hata dereva mwenyewe akatuomba tushuke. Kuanzia siku ile tuliamua kwamba malori si yetu.

Bandani nyuma ya nyumba nilikuwa na pikipiki. Niliinunua mwaka uliotangulia kwa karani mmoja Mbelgiji aliyekuwa akirudi kwao. Silinda ilikuwa nzima, lakini pistoni ilikuwa imepasuka vipande viwili. Mimi ni seremala. Kifaransa nilijifunza peke yangu kwa magazeti ya zamani na kamusi isiyo na jalada. Karani alinipa pia kitabu cha matengenezo, nami nilikuwa nimekwisha kukisoma mara nne. Dereva alipoondoka, nilifungua daftari nikaandika hatua kumi na nne. Ya kwanza ilikuwa pistoni. Ya mwisho ilikuwa kigari cha pembeni chenye gurudumu moja, ambamo mke wangu angekaa mguu umenyooka.

Pistoni mpya ingechukua miezi kufika kutoka Ulaya. Jirani yangu, mtu wa Maniema, alikuwa akiyeyusha sufuria mbovu na kutengeneza miiko na sufuria nyingine. Nilimpelekea vile vipande viwili.

"Papa wa mabao," yaani baba wa mbao, akacheka, "leo umekuwa Muzungu wa garage?"

"Unaweza ao hauwezi?"

"Mimi naweza kumwaga chuma, itoke hata mukono wa gavana. Kama ule mukono utashika kitu, ile sijui."

Aliunganisha vipande, akavizungushia nta ili viwe vinene zaidi, kisha akavikandamiza kwenye mchanga wa mtoni kupata kalibu. Nilimuuliza nta ni ya nini. Alisema chuma kikipoa kinapungua, lazima kalibu iwe kubwa. Nilisikia. Hata niliandika. Pistoni mbili za kwanza zilitoka na mapovu ndani. Ya tatu ilitoka safi.

Niliifunga kwenye kerezo langu la mguu, lile ninalochongea miguu ya viti, nikaipunguza kidogo kidogo kwa siku sita. Kitabu kilisema kati ya pistoni na silinda ibaki nafasi ndogo, na kilitaja kipimo chake. Niliifikiria nafasi ile siku mbili nzima. Katika mji huu seremala anayejua kazi huacha nafasi kwenye mlango, kwa sababu ubao hunywa mvua na kuvimba. Ubao uleule ukiwekwa karibu na moto hukauka, na ukikauka hupungua. Chuma hakinywi maji. Kwa hiyo, nilijiambia, hakina sababu ya kuvimba, na kama joto la injini litafanya lolote, litafanya lile ninalolijua miaka ishirini na mitano: litapunguza. Niliandika katika daftari: "Nafasi si ya lazima. Itapatikana yenyewe injini ikipata moto." Nilipomaliza, karatasi ya sigara haikupita kati ya pistoni na silinda. Sijawahi kuunga mbao mbili vizuri namna ile.

Jirani aliigeuza mkononi.

"Papa, umeikaza sana. Hii ikiwa na moto iko kubwa, ikipoa iko kidogo. Ndiyo sababu inatoka kwa muchanga."

"Ile ilikuwa imeyeyuka. Sasa ni ngumu."

"Bon," akasema. "Mimi sijasoma kitabu." Akarudi kwenye tanuru lake.

Kigari nilikitengeneza kwa mti wa kambala. Nilimpima mke wangu akiwa ameegemea ukuta, kutoka nyonga hadi kisigino.

"Unanipima kama mutu wa kuzikwa," akasema.

"Wafu hawana haja ya muto. Wewe nitakuwekea muto wa pamba."

"Weka miwili. Njia ya kwetu iko na mashimo."

Sanduku la kigari nililifunga juu ya fremu kwa bolti nne, ili niweze kulitoa na kulipaka rangi. Niliomba serikalini ruhusa ya kutoka mjini, nikapewa karatasi ya siku saba. Ijumaa ya wiki ya tano niliwasha injini uani, mvua ikinyesha. Iliunguruma dakika nne bila kukohoa, nikaizima ili kuokoa petroli. Mke wangu alipiga makofi kutoka barazani.

Jumamosi tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye kilomita ya thelathini na moja, tukipanda kilima, injini ilikaza ghafla na gurudumu la nyuma likaburuta kwenye udongo. Nilidhani ni uchafu katika petroli. Nilifungua, nikasafisha, nikafunga. Ilichukua karibu saa mbili. Injini ikawaka. Kwenye kilomita ya thelathini na nne ikakaza tena. Safari hii sikufungua kitu. Niliweka kiganja karibu na silinda, nikaikumbuka ile nta.

"Papa, imekufa?" mke wangu akauliza.

"Inavimba."

"Alors tungoje ipoe."

"Ikipoa itakwenda kilomita tatu."

Alihesabu kwa vidole. "Imebaki sabini na sita. Tatu, tatu, tutafika."

Tulingoja mpaka jua likawa utosini. Niliiwasha. Haikufika hata mita mia mbili; mkono wa pistoni ulivunjika na kutoboa ubavu wa injini, mafuta yakamwagika barabarani.

Alasiri lilipita lori la mapipa ya mawese, likielekea mjini. Nilimweleza dereva kwamba mke wangu hawezi kupanda. Mpakiaji mmoja alizunguka kigari, akainama chini yake.

"Apande wapi tena, papa? Si amekwisha kukaa? Hii sanduku haitoki?"

Nilitoa bolti nne. Watu wanne wakainua sanduku pamoja na mke wangu, mguu wake ukiwa umenyooka juu ya mito miwili, wakaliweka kati ya mapipa na kulifunga kwa kamba. Haikuchukua muda wa kuvuta sigara moja. Hakulia. Tulipokaribia mji aliniuliza jambo moja tu.

"Hii ingeweza kwenda na lori upande wa kwetu pia?"

"Ndiyo," nikasema.

Sanduku lile lilikuwa kazi ya siku mbili. Ningeweza kulimaliza Alhamisi ya juma lile la kwanza.

Nilipanga kutafuta lori la Jumatatu, maana ruhusa ilikuwa bado na siku. Jumapili asubuhi alikuja dereva yule wa mpunga, na mara hii alizima injini. Mama mkwe alifariki Jumamosi alfajiri, akazikwa baada ya sala ya adhuhuri, saa ambayo sisi tulikuwa tukingoja silinda ipoe. Wiki zote tano, dereva alisema, alikuwa akiuliza kila lori lililosimama.

Nilimwambia mke wangu kwamba tunaweza kwenda hata hivyo, matangani.

"Nitaenda kumuona nani?" akasema.

Pikipiki niliiuza kama chuma kikuukuu. Sanduku liko barazani, naye hukaa humo kuchambua mchele. Nauli ya lori kwa watu wawili ilikuwa faranga themanini. Mimi, baada ya kuuza, nilipoteza elfu mbili mia saba na ishirini.