Hajambo Niliyoisema Siku ya Alhamisi

Tarehe nane Februari mwaka 2015, asubuhi, nilimpoteza Bibi Ilona. Hakuwa ndugu yangu, wala mtu wa dini yangu, wala wa lugha yangu. Nilimhudumia karibu miaka tisa, na mpaka leo basi la barabara ya Kipling likipita mbele ya jengo lake huwa nainua macho kutazama dirisha la ghorofa ya saba. Juu ya msiba huo sitasema mengi. Aliye na msiba anaujua.

Ila juzi, mwanangu, ukumbini tulipokuwa tunakula pilau, nilikusikia ukiwachekesha wenzako kwa Kiingereza, habari ya siku ulipomfasiria bibi yako. Ulisema, "Bibi alimweleza daktari dakika tano nzima, mgongo, goti, sijui nini na nini. Mimi nikamwambia daktari neno moja tu: yuko sawa!" Wenzako wakacheka. Bibi yako alikuwa meza ya pili, na yeye akacheka, maana hakujua kinachochekwa. Mimi nilirudi nyumbani Rexdale nikatafuta kalamu. Sikuandikii kukugombeza. Nakuandikia kwa sababu neno hilo hilo niliwahi kulisema mimi, na lilimgharimu mtu vidole viwili.

Kuna Alhamisi moja ya Novemba, mwaka 2006, ambayo haijanitoka kichwani. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nilitoka Korogwe na elimu yangu ya darasa la saba, nikafunga maboksi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege mpaka mgongo ukakataa, kisha nikasomea kazi ya kuhudumia wazee. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa huyo Bibi Ilona.

Bibi Ilona alikuja Kanada kutoka Hungaria akiwa msichana, akasema Kiingereza miaka hamsini. Kisha akapata kiharusi. Mkono ulipona, mdomo ukanyooka, lakini Kiingereza kiliondoka chote kama mgeni aliyeaga. Kikabaki Kihungaria alichonyonya kwa mama yake. Binti yake, Marta, alizaliwa hapa Toronto. Alimwelewa mama yake kila neno, ila yeye alijibu kwa Kiingereza, na mama sasa hakisikii. Unacheka? Hebu jiulize mimi nikikusemesha Kiswahili unanijibu kwa lugha gani.

Marta alikuwa kazini kutwa. Kwa hiyo kati ya Bibi Ilona na dunia, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, niliwekwa mimi.

Nilianza kwa juhudi. Nilinunua daftari, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto neno la Kiingereza, kulia la Kihungaria, moja kwa moja, kama tulivyofundishwa shuleni. Maneno nilikuwa nayatoa kwenye kamusi ya maktaba. Siku moja nikamletea Bibi Ilona koti lake la zamani, lile la sufu lililochakaa viwiko, nikamwambia kwa fahari kwamba hili ni koti lake "öreg". Alicheka mpaka akakohoa. Mzee Sandor, jirani wa mlango wa pili, fundi cherehani mstaafu aliyekuja kila siku kunywa kahawa, akaniuliza kwa Kiingereza, "Mariamu, hilo koti lina wajukuu wangapi?"

Nikachukia kidogo. Nikamwambia kamusi ndivyo inavyosema, "old" ni "öreg".

"Öreg ni mtu. Ni mimi hapa," alisema akijipiga kifua. "Koti ni régi. Kwenu mzee na koti chakavu mnaviita neno moja?"

"Hapana. Mtu ni mzee. Koti ni kuukuu."

"Sasa kama kwenu mna milango miwili na sisi tuna milango miwili, kwa nini unapita kwenye mlango mmoja wa Mwingereza, kislányom?"

Kislányom kwao ni binti yangu. Aliniita hivyo tangu siku hiyo, na tangu siku hiyo nilibadili kazi yangu. Kila neno la Kiingereza nililipeleka kwanza nyumbani, kwa Kiswahili, nilione linasimama wapi, ndipo nikamuulize Mzee Sandor. "Light" nililipeleka nyumbani likarudi na ndugu watatu: taa, nyepesi, na rangi isiyokolea. Kihungaria nacho kikatoa watatu: lámpa, könnyű, világos. "Cold" likarudi baridi na mafua, na Wahungaria nao wana hideg na nátha. Mara nyingine ni Kiingereza kilichokuwa na maneno mengi na sisi wengine tukawa na moja. Kidole cha mkono na kidole cha mguu kwetu vyote ni kidole, na kwa Wahungaria vyote ni ujj. Hapo nilimkumbatia Mzee Sandor, akasema nisimwage kahawa.

Nakueleza haya ili ujue kwamba kufikia Novemba ile sikuwa mjinga wa maneno. Kihungaria changu kilikuwa cha mtoto wa miaka mitatu, lakini mtoto wa miaka mitatu husema njaa, baridi na maumivu bila kukosea.

Bibi Ilona alikuwa na kisukari, na kidonda kwenye mguu wa kulia. Nesi alikuja kila Jumatatu kukisafisha, na kila Alhamisi alipiga simu kuuliza. Alhamisi ile, nikimvalisha soksi, Bibi Ilona, ambaye jina langu alilifanya la kwao, Mariska, alinishika mkono akasema, "Fáj, Mariska. Nagyon fáj." Kunauma. Kunauma sana. Niliyaelewa maneno yote. Fáj lilikuwa ukurasa wa kwanza wa daftari langu.

Saa nne simu ikalia. Nesi akauliza kwa Kiingereza, "Ilona hajambo leo?"

Nami nikajibu "fine", yaani, "Hajambo, ahsante."

Wewe umezaliwa hapa, huenda hujui kwa nini nilijibu hivyo. Kwetu mtu akikuuliza hali ya mgonjwa, hata kama mgonjwa yuko hoi, unaanza na hajambo. Ni adabu, na ni kumshukuru Mungu kwa pumzi iliyobaki. Unasema hajambo, mwenzako anasema tunashukuru, mnapumua, ndipo unasema, "Ila mguu, jamani, mguu umemzidi." Nami nilikuwa nasubiri ile pumzi. Nesi hakupumua. Alisema, "Vizuri, tuonane Jumatatu," akakata.

Nilibaki na simu mkononi. Sasa sikiliza, mwanangu, maana hapa ndipo wengi hujisitiri kwa kusema ilikuwa mila, ilikuwa lugha. Ningeweza kupiga tena. Namba ilikuwa imebandikwa kwenye friji. Sikupiga. Niliona haya kurudi na Kiingereza changu kibovu kuanza kujikanusha, nikaogopa nesi ataniona sijui kazi. Nikajiambia Jumatatu si mbali. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha maradhi ambayo hayakuwa hata yangu.

Jumamosi homa ikapanda, Marta akaita gari la wagonjwa.

Nilipofika hospitali, Marta alikuwa ukutani amesimama na koti lake halijafungwa. Aliniuliza, "Nani alimwambia nesi kuwa mama ni mzima?"

"Mimi."

"Hukujua anaumwa?"

"Nilijua. Aliniambia asubuhi ile ile."

"Kwa nini hukupiga tena?"

"Niliona haya."

Ningeweza kusema sikuelewa Kihungaria. Hakuna ambaye angenikatalia, maana nani alitegemea mwanamke wa Korogwe aelewe? Lakini huo ungekuwa uongo wa pili juu ya mguu mmoja. Marta akasema taratibu, "Nenda nyumbani, Mariamu."

Nikageuka. Mzee Sandor alikuwa kwenye benchi la ukumbini, kofia magotini. Akanigongea benchi nikae.

"Neno fáj umeliandika?"

"Nimeliandika."

"Ukurasa gani?"

"Wa kwanza."

"Basi hukukosa neno. Ulikosa nini?"

Nikamweleza habari ya hajambo, jinsi ubaya unavyosubiri salamu ipoe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwetu ukimuuliza Mhungaria hali yake, vuta kiti. Ataanza na ini amalizie na kiatu kinachobana." Nilitaka kucheka, ila yeye hakuwa anacheka. "Adabu yako ni nzuri, kislányom. Lakini Alhamisi uliilipia kwa mguu wa mtu mwingine."

Nilipanda basi nikarudi Rexdale. Jumapili yote nilikaa na daftari lile mbele yangu. Nilijua kazi nimeipoteza, na sikuwa na hoja ya kuitetea. Lakini nilijua jambo lingine: Bibi Ilona amelala katikati ya watu wanaomsemesha lugha asiyoisikia, na maneno mia tatu ya lugha yake yako mezani kwangu. Jumatatu asubuhi, bila kuitwa na mtu, nikarudi hospitali.

Nilimkuta daktari anamweleza Marta. Vidole viwili vya mguu vimeoza, lazima vikatwe, mguu wenyewe unaweza kuokolewa. Ilibidi mgonjwa aambiwe. Marta aliinama kitandani, akafungua mdomo, na Kihungaria hakikuja. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa ya jikoni na ya kubembelezea watoto. Akajaribu tena, akaanza kulia. Mama yake akawa anamtazama huyu na yule, macho yametoka, hajui kama anakufa au anapona.

Nilisogea. Marta hakunizuia. Nikamshika Bibi Ilona mguu wa kushoto, ule mzima, nikagusa vidole viwili, nikasema kwa Kihungaria changu cha kitoto: vidole viwili vinaondoka, mguu unabaki.

Alivitazama vidole vile. Kisha akauliza kama itauma.

Ulimi ulitaka kusema hapana. Hivyo ndivyo tunavyowafariji wagonjwa wetu, na ulikuwa umeshajikunja tayari. Nikaurudisha. Nikamwambia, "Fáj."

Akanibana vidole. "Jó, Mariska," alisema. Vema. Macho yake yakatulia, maana sasa alijua anakoelekea.

Marta alijifuta uso kwa mkono wa koti. Hakunisamehe kwa maneno, na mimi sikumuomba ayaseme. Siku mama yake aliporudishwa nyumbani, alinipigia simu. "Kesho njoo saa mbili," alisema. Basi.

Nikaenda, na nilikwenda miaka minane zaidi. Daftari lile liliongezeka yakawa matatu. Ukurasa mmoja niliupa neno "fine" peke yake, lile nililomjibu nesi. Nalo nililipeleka nyumbani: mtu asiye na ugonjwa, kitu kilicho laini, faini ya polisi. Mzee Sandor akanipa ya kwao yote matatu, jól, finom, bírság. Chini yake nikaandika kwa Kiswahili, kwa kalamu nyekundu: Usilijibu kabla hujamuuliza mwenyewe. Nesi akipiga simu nilianza na maumivu, salamu nikaiweka mwisho. Akawa ananitania, "Mariamu, siku hizi hunisalimii!" Nikamwambia, "Nitakusalimia, ngoja kwanza nimalize mguu."

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Unapomfasiria mtu, mdomo ni wako ila maumivu si yako. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na uchungu wa goti anaujua bibi yako, si wewe, si daktari. Akisema dakika tano, beba dakika tano. Neno likiwa na maana tatu, usiokote ile iliyo karibu na mlango kwa sababu una haraka. Lipeleke nyumbani ulitazame. Usipoelewa, sema sikuelewa, mbele ya daktari, mbele ya watu kumi. Ukikosea, piga simu tena. Aibu ya kupiga simu mara ya pili huisha kabla hujaweka simu chini. Ya kutopiga mimi ninayo hadi leo. Na Kiswahili chako usikiache kikabaki cha jikoni, maana ipo siku utainama juu ya kitanda cha mtu wako na utakihitaji chote.

Mungu akupe ulimi mwaminifu. Akupe masikio yenye subira, na wazee wa kukukosoa mapema. Na siku yako ya kulala kitandani ikifika, akuletee mtu atakayekuuliza wewe.

Jioni ya tarehe saba Februari daktari alikuja nyumbani, akasimama mlangoni akauliza Ilona yukoje. Sikumjibu. Niliinama nikamuuliza mwenyewe. Akanong'ona kwamba hakuumi, ila kuna baridi. Nikamwambia daktari, "Anasema haumwi. Anasikia baridi. Si mafua, ni baridi." Daktari akaandika. Nikachukua lile koti la sufu lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango, nikamfunika nalo miguu, vidole vyake vyote vinane.