Punje ya Mahindi Kwenye Redio ya Mama

Enzi zetu, na ninyi mliokulia vijiji vya Kahama mtakuwa mashahidi, redio ya kaseti ilikuwa na vitufe vikubwa kama meno ya ng'ombe, na kila kimoja kilijua kazi yake. Ukikibonyeza kililia "kwa!" na kubaki chini, ili hata mjinga ajue kimebonyezwa. Maskini sisi, hatukuwa na maendeleo.

Baba alikuwa mchimba dhahabu Bugarama. Mama hakujua kusoma, na hakutaka jirani amsomee mambo ya nyumbani kwake, kwa hiyo baba alijirekodi kwenye kaseti na kumpa mtu anayekuja huku. "Mama Kulwa, mwangaluka," ndivyo alivyomsalimu, kisha anakohoa, kisha anaulizia ng'ombe kabla ya kutuulizia sisi. Mimi na pacha wangu Kulwa tulikaa mkekani tukitafuna michembe ya viazi vilivyokaushwa.

Mama alisikiliza huku akichambua mchele, macho kwenye ungo. Ili asikikose kitufe cha kuchezesha, alikibandikia punje ya mahindi kwa gundi ya kuzibia pancha za baiskeli. Mkono ulipapasa, ukaipata punje, baba akaongea. Baba akianza kutoa amri, mama alibonyeza cha pembeni. "Nyamaza kwanza, baba Kulwa, nifikirie." Tulicheka mpaka tukapaliwa.

Baba alifariki, ikabaki kaseti moja. Redio nayo ilipoharibika, mimi msomi wa familia niliitupa, nikaenda mjini sauti ikahamishiwa kwenye simu mpya ya mama. Siku hizi ana mtoto wa jicho. Anachotaka ni kumsikia mumewe bila kumwomba mtu.

Hapo ndipo nilipoyajua maendeleo. Programu ya kuchezea sauti ina vitufe vyenye haya, ukivitazama kidogo vinajificha. Ile pembetatu haisemi kama sauti inacheza au ndiyo itacheza. Ukitaka kurudi nyuma kidogo, kuna kitone cha ukubwa wa jicho la dagaa. Ukikigusa, baba anakatishwa salamu, anaingia kijana anayelilia mpenzi wake. Vidole vya mama, vilivyokomazwa na jembe, kioo hakivikubali mpaka kiguswe mara tatu. "Bibi, ni rahisi, telezesha tu," binti yangu anamwambia. Kizazi hiki kinatelezesha kila kitu, hata shikamoo.

Mama hakubishana. Siku moja nikakuta amebandika punje ya mahindi juu ya kioo, ubavuni mwa pembetatu. Wiki mbili nzima baba aliongea. Kisha programu ikajiboresha yenyewe, bila kumuuliza mtu. Pembetatu ikahamia juu, na pale penye punje wakaweka kamoyo ka kuonyesha umeipenda sauti. Bila shaka huko waliko walipigiana makofi.

Jumapili iliyopita nilimkuta na ungo mapajani, kidole kikigusa ule moyo, tena na tena, simu kimya.

"Doto," aliniambia, "baba yako leo kakataa kuongea. Nimemkosea nini?"

Enzi zetu, baba alinyamaza pale tu mama alipomnyamazisha.