Aliyewaandikia Watoto wa Marekani

Filister hajawahi kupanda ndege, lakini Marekani anaijua kama mtu anavyoijua nyumba ya jirani ambayo ugomvi wake hupita ukutani. Anajua baba huishi upande huu wa mji na mama upande ule, na mtoto hubeba begi lake kila Ijumaa. Anajua vijana wa huko hujifungia vyumbani na simu hadi chakula kinapoa. Yote haya ameyajulia katika chumba cha kupanga nyuma ya soko la Migori, akiwaandikia insha zao za shule.

Alisomea ualimu akafuzu, kisha akangoja kuajiriwa mpaka akachoka kungoja. Ndipo Bonface, kijana wa mjini mwenye akaunti kwenye mtandao wa insha, akamwonyesha kazi hiyo. Mwanafunzi wa Marekani hutuma swali, Filister huandika, na mwanafunzi humpelekea mwalimu wake kana kwamba ameandika mwenyewe. Mwanzoni jambo hilo lilimkera. Baadaye alilizoea.

Ndoa yake na Joash ilikuwa imevunjika zamani. Binti yao, Cate, alibaki Homa Bay kwa mama yake Joash, bibi anayemwita dani, kwa sababu mtoto ni wa boma la babake, na hakuna aliyemuuliza Filister maoni yake. Kila Jumapili alimpigia simu.

"Uko sawa?"

"Niko sawa."

"Na masomo?"

"Iko tu sawa."

Kisha kila mmoja alimsikiliza mwenzake akinyamaza, hadi mmoja aseme anaitwa mahali.

Siku moja ikaja kazi ya kijana aitwaye Oliver, aliyekuwa anakaribia kumaliza sekondari. Alitaka insha juu ya matatizo ya vijana na familia za Marekani siku hizi. Filister alikuwa ameandika nyingi za namna hiyo: talaka, simu, dawa za kulevya, upweke. Aliimaliza kabla chai yake haijapoa. Baada ya siku kadhaa Oliver akarudi. Mwalimu ameisifu, akasema, ila sasa anataka kila mwanafunzi aandike kuhusu familia yake mwenyewe. Akaomba aandikiwe hiyo pia.

"Basi nieleze mambo ya kwenu," Filister akamwandikia kwa Kiingereza chake cha darasani. "Mko wangapi? Nani hupika? Jioni unakula na nani?"

Jibu lilikawia. Lilipokuja lilikuwa fupi. Walikuwa wanne. Kaka yake alinunua kidonge kupitia simu akidhani ni cha maumivu, akalala, asiamke. Baba akahama. Mama hufanya kazi zamu mbili. Hakuna anayekula na mwenzake. "Andika chochote," kijana akamalizia, "lakini usimtaje kaka yangu."

Filister aliweka vidole kwenye kompyuta, maneno yakakataa. Vifo vya namna hiyo alikuwa amevitaja katika insha nyingi, akivipita haraka kwenda aya inayofuata. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu upande wa pili aliyeachwa na kitanda kitupu nyumbani. Mwishowe akaandika: "Pole sana kwa ajili ya kaka yako. Hii siwezi kukuandikia. Andika wewe, hata mistari michache, nami nitakusahihishia bure."

Aliona kwamba ujumbe umesomwa. Hakujibiwa. Kesho yake kazi ilikuwa imefutwa, na Bonface akaja mwenyewe mlangoni.

"Madam, umefukuza kastoma. Hao hawataki pole, wanataka kazi."

"Ni mtoto, Bonface."

"Ni kastoma."

Jumamosi hiyo Filister alikwenda Homa Bay bila kumwarifu mtu. Mama mkwe, ambaye hadi leo humwita Nyar Uriri, yaani binti aliyetoka Uriri, alimpokea vizuri na kumwambia amekonda. Cate alitoka chumbani, simu mkononi, akamsalimia kama anavyosalimiwa mgeni wa kanisa. Wakakaa nje wawili, ziwa likionekana chini kule, na Filister akajikuta anauliza:

"Jioni unakulanga na nani?"

Cate akamwangalia kwa mshangao. "Na dani. Na watoto wa baba mdogo. Kwani?"

"Nauliza tu."

"Na wewe? Unakulanga na nani?"

"Mimi hula nikiandika," Filister akajibu. Kisha akamwomba aje Migori shule zikifungwa Agosti. Cate akasema ataona.

Agosti alikuja kweli. Siku ya kwanza walizunguka sokoni, wakachagua viatu, wakacheka na muuzaji aliyeapa kwamba wao ni dada. Baada ya hapo kazi zikamiminika. Mama alikaa mezani, mgongo kwa binti. Binti alilala kitandani, vifaa vya muziki masikioni. Mara kadhaa Filister aligeuka na neno mdomoni, akaona hatasikiwa, akarudi kwenye insha yake. Kabla likizo haijafika katikati, Cate alianza kukunja nguo zake.

"Mama, nataka kurudi kwa dani."

"Nimekukosea?"

"Hapana. Ni vile hapa hakuna watu."

Alilisema bila hasira. Filister hakubishana. Alimsindikiza hadi steji, na hapo Cate akamkumbatia kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia, kisha akaingia ndani ya gari bila kuangalia nyuma.

Aliporudi hakuifungua kompyuta. Nje, jirani wa mlango wa pili, muuza samaki aitwaye Kezia, alikuwa anachambua omena kwenye ungo.

"Msichana ameenda?"

"Ameenda."

"Pole. Basi utabaki na yule mwenzako."

"Mwenzangu gani?"

"Si huwa nakusikia kwa ukuta? Unaongea Kizungu, unanyamaza, unaongea tena. Nilijua kuna mtu."

Filister akamweleza kwamba huwa anajisomea insha kwa sauti, asikie kama zimekaa sawa. Kezia alimsogezea kigoda. Filister akaketi, akaingiza mikono kwenye ungo, akaanza kuchambua polepole kama mtu asiyeijua kazi ile.