Leo Moraa amekataa kunyamazishwa

Sasa si nilikuwa nawaambia juu ya Moraa, mke wa kijana yangu, ule anafundishanga Kizungu shuleni?

Tangu tuzike mama yake huko Marani, hataki chakula. Ni kulia tu.

Leo nikampelekea uji ya wimbi kwake.

Nikamwambia, "Nyamaza mama, nyamaza. Kunywa."

Akaniambia, "Mama, hiyo kwa Kizungu ni pacify. Unataka tu ninyamaze. Mimi nataka soothe."

Mimi na hii darasa la tatu yangu! "Na hiyo soothe inafanywa aje?"

"Unakaa na mimi, hata nikilia."

Haki nikakaa. Nikalaza kichwa yake kwa mapaja yangu.

Sasa mzee wangu, mnajua kwa mila yetu baba mkwe haingiangi nyumba ya kijana yake. Si akaleta kiti, akakaa hapo nje kwa mlango! Akakohoa, ndio Moraa ajue ako.

Moraa akalia mpaka akacheka. "Hata Baba anajua soothe!"

Nyinyi huko kwenu mtu akifiwa mnamtulizanga aje? Niambieni, maana mimi...

Ngojeni, Moraa ananiita. Eti njaa imemshika, nipike ndizi!