Mapazia Mapya ya Lammechien

Lammechien Hoving hakuogopa kufa. Alichoogopa ni kufa halafu asijulikane. Dada yake alifia ghorofani huko Rotterdam, akakaa humo mpaka wapangaji wa chini wakalalamikia harufu, na tangu hapo Lammechien alikuwa akisema, hata mezani kwa watu, kwamba yeye hatatafutwa kwa pua.

Kinga yake ilikuwa Egbert wa nyumba ya mbele, jirani yake wa kwanza. Hapa kijijini jirani wa kwanza si mtu wa kupungiana mkono tu. Yeye ndiye anayeitwa mtoto akizaliwa, ndiye anayebisha nyumba kwa nyumba kukiwa na msiba, na jeneza likitoka yeye hushika mbele. Kila asubuhi Egbert alisimama dirishani kwake na kikombe cha kahawa. Mapazia ya Lammechien yakifunguliwa, alikaa akanywa. Yasipofunguliwa, alivaa viatu vyake vya mbao akavuka barabara. Kuna siku alivuka akamkuta amepitiwa na usingizi tu, akafunguliwa mlango na mama mwenye nywele timtim aliyemtukana vizuri kisha akampa keki. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na Lammechien aliliamini hilo kuliko mahubiri ya Jumapili.

Ndugu wa mbali alikuwa Marcel, mwanawe wa pekee, anayekaa Utrecht. Simsemi vibaya, alimpenda mama yake naye akapendwa. Ila ni katika wale watu ambao wakiingia kwa mtu hawawezi kukaa kabla hawajasogeza kiti. Alisema sebule imekuwa kama pango. Akapaka kuta rangi nyeupe, akang'oa zulia, akatupa kochi alilofia baba yake. Kisha akayageukia mapazia, yale ya kitambaa kizito cha kahawia yaliyonuka sigara za marehemu.

Mimi jirani wa kona niliitwa nikatazame rangi ya mapazia mapya, ambayo hayakuwa ya kitambaa bali ya vibao vinavyopanda na kushuka. Vipande vya mfano vilikuwa vimetandazwa mezani kati ya vikombe, vibao vyembamba vya mti na vya bati, na Lammechien alikuwa anavishika kimoja kimoja na kuvipeleka ukutani. Alifurahi, sitasema uongo. Kijivu alikikataa, akasema kinamkumbusha hospitali. Tukakubaliana rangi ya maziwa. Hapo ndipo Marcel alipotoa rimoti mfukoni.

"Haya hayana kamba, mama. Yana mota. Unabonyeza tu, bega lako linapumzika."

"Na Egbert?"

"Egbert kafanyaje?"

"Atajuaje kama nimeamka?"

"Si ataona yamepanda, kama siku zote."

"Yamepandishwa na nani?"

"Na wewe, mama. Nani mwingine?"

Lammechien alikizungusha kile kibao cha rangi ya maziwa vidoleni. Bega lilikuwa linamuuma kweli. Kuna asubuhi alivuta yale mazito kwa mikono miwili huku machozi yanamtoka. "Sawa," akasema. "Lakini nabonyeza mimi. Siku nikishindwa, yabaki chini."

Marcel akaapa. Mapazia yakatundikwa, na kweli sebule ikang'aa.

Tatizo likawa rimoti. Ilizama kwenye kochi jipya, ikasahaulika jikoni, mara moja ikaonekana kwenye kapu la viazi. Kila ikipotea Lammechien alimpigia Marcel simu, naye akiwa kazini. Mwishowe Marcel akachoka. Mapazia yale yanaweza kuamrishwa kwa simu hata ukiwa Utrecht, basi akayapangia saa: asubuhi yapande, jioni yashuke, mama asihangaike tena. Jumapili akampigia akamweleza. Marcel mwenyewe ndiye aliyetusimulia baadaye jibu la mama yake: "Basi inabidi nimwambie Egbert."

Jumatatu, kabla hajamwambia mtu, aliteleza bafuni.

Bafu liko nyuma. Huku mbele mapazia yalipanda asubuhi yakashuka jioni, bila kukosea. Egbert alisimama na kikombe chake, akaona, akakaa akanywa. Kesho yake vilevile. Nyumba yangu iko kwenye kona, dirisha lile silioni, na sikuwa na sababu ya kuuliza, maana Egbert yupo. Ijumaa mkewe Egbert alivuka na sufuria ya supu ya njegere, akabisha, akabisha tena, ndipo Egbert akaenda na ufunguo wa akiba aliokuwa amewekewa.

Daktari alisema hakufa siku ile ile aliyoanguka. Afadhali angenyamaza. Lammechien alikuwa amejikokota kutoka bafuni hadi katikati ya ukumbi, akielekea mbele, na taulo amelivuta pamoja naye. Nikilifikiria hilo mpaka leo napandwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Alasiri ya kuamkia mazishi alirudishwa nyumbani ndani ya jeneza, akawekwa sebuleni, kama alivyotaka. Marcel akayashusha mapazia kwa rimoti, maana hapa kwetu nyumba yenye maiti haifunguliwi macho mpaka maiti itoke. Siku ya mazishi tulikusanyika mapema humo gizani, wanaume wa mtaa wamevaa makoti meusi, kahawa inazungushwa kimya kimya. Egbert alikuwa kichwani mwa jeneza. Tangu Ijumaa alikuwa hajazungumza na Marcel, wala na mtu yeyote ila mkewe.

Ghafla mota ikanguruma. Mapazia yakaanza kupanda yenyewe, taratibu, na mwanga ukaingia, kwanza kwenye miguu yetu, kisha kwenye jeneza. Marcel alipapasa mifuko akitafuta simu.

"Yaache," Egbert akasema. "Hivi hivi ndivyo yalivyokuwa yakiniambia yu mzima."

Marcel akaiacha simu mfukoni. Yakapanda mpaka juu, na ng'ambo ya barabara tukaliona dirisha la Egbert, na kikombe chake juu ya kizingiti.